Mimi Nilikuwa Pua

Siku mashine ya Mama Mdogo ilipozima, mimi nilikuwa Pua. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani nilipewa cheo kikubwa zaidi. Mikono ilikuwa miwili, Jicho moja, Sikio moja, na Pua ndiyo mimi. Wenzangu wa familia hii wakisimulia habari hizi hujipandisha vyeo. Baba Mdogo, kwa mfano, siku hizi anasema yeye ndiye aliyekuwa Kichwa. Si kweli. Kichwa kilikuwa kwenye simu, tena si chote.

Mashine yenyewe ni ya kutotolesha vifaranga. Ni sanduku jeupe lenye kimo cha meza, mlango wa kioo mbele, taa ndogo nyekundu juu, na ndani yake trei ya mayai inayojigeuza yenyewe. Mama Mdogo, mdogo wake mama yangu, aliinunua mtandaoni wiki ileile aliyoacha kazi. Alikuwa mpokea wageni katika ofisi moja ya bima, na hakuacha kazi kistaarabu, kwa barua na kuagana. Alisimama katikati ya ukumbi, wateja wamejaa kwenye viti, akamwambia bosi wake kwamba kuku ana nafuu, kwa sababu kuku akipiga kelele walau kuna yai limetoka. Kisha akavua kitambulisho, akakiweka juu ya kaunta, akaenda zake.

Maneno ya namna ile ukishayatoa huna pa kuyarudishia. Bosi naye hakuajiri mtu mwingine. Tulisikia kwamba kiti cha Mama Mdogo kiko vilevile, na kila anayeuliza anajibiwa, "Mwacheni. Vifaranga wakimshinda atakuja mwenyewe, nami nitamwambia aanze kwa kulia kama kuku." Trei ya kwanza ilitoka mayai viza matupu. Hii ilikuwa trei ya pili, na Mama Mdogo alikuwa ametuambia wazi kwamba hana ubavu wa kununua ya tatu. Ikifa hii, anachukua mkoba wake anakwenda kulia kama kuku.

Na ilikuwa imebaki kidogo sana. Mayai yalikuwa yameanza kusema. Ukiweka sikio kwenye kioo uliwasikia vifaranga wakiita ndani ya maganda, sauti nyembamba kama ya viatu vipya. Asubuhi hiyo Mama Mdogo alikwenda stoo kuwasalimia kabla hata ya kupiga mswaki, akaikuta taa nyekundu imezima, trei imesimama, na kioo kimeanza kupoa.

Hakupiga kelele. Alirudi sebuleni akasema kwa sauti ndogo, "Imekufa."

Bibi, mama yake Baba Mdogo, alikuwa kwenye kochi anakunywa chai. Akashusha kikombe. "Nani?"

"Mashine, Mama."

"Ah. Ulivyonitazama nikaanza kujishika shika."

Fundi redio wa mtaani kwetu alikuwa amesafiri ukweni, mlangoni kwake kufuli. Ikabaki namba iliyobandikwa ubavuni mwa mashine. Chini yake paliandikwa kwamba fundi atakuhudumia kwa video popote ulipo. Mama Mdogo akapiga kwa simu yake, ambayo nayo ina maradhi yake. Betri imevimba, na ukiitoa kwenye chaja haichukui muda inakata roho.

Fundi akatokea. Nikisema akatokea, nina maana paji la uso wake likatokea. Alikuwa ameiegesha simu yake vibaya, tukamwona kuanzia nyusi kwenda juu. Paji lilikuwa pana, linang'aa kama sinia, na lina mikunjo. Tulimwomba ajisogeze kidogo, akajibu kwamba yeye anatuona vizuri na anayetibiwa si yeye. Ikabidi tumsome kwenye mikunjo. Ukija mmoja, anafikiri. Ikija miwili, hajaridhika. Ikija yote, kuna mtu kaharibu.

"Hapo nyumbani mko wangapi?" akauliza Paji.

"Watano," akasema Mama Mdogo. "Fundi, mayai yangu yana—"

"Watano ni vizuri sana. Wengi hunipigia wakiwa peke yao, nakosa viungo." Akakohoa kidogo. "Nisikilizeni. Mimi huku sina mikono. Sina pua. Sikio ninalo, lakini simu inakula sauti. Nikiwaachia, mtaivamia mashine wote kwa pamoja, huyu anavuta, huyu anasukuma, nami sijui nimwambie nani nini. Kwa hiyo kila mtu atakuwa kiungo kimoja, na atafanya kazi ya kiungo chake tu. Jicho halinusi. Sikio halisemi. Mkono hauna maoni. Tumeelewana?"

Hatukuelewa, lakini tuliitikia wote, kama watu wanavyoitikia kwenye simu.

Bibi akawa Jicho, kwa kuwa alikuwa ameshaikamata simu na hataki kuiachia. Alisema ana kiu ya kuzungumza na mtu mwenye paji la adabu. Baba Mdogo, mtu ambaye hajawahi kumsikiliza binadamu mwenzake mpaka mwisho, akawa Sikio. Mimi nikawa Pua kwa sababu nilipiga chafya wakati wa kugawa. Mama Mdogo akawa Mkono wa Kulia.

"Na yule aliyesimama mlangoni," akasema Paji, "atakuwa Mkono wa Kushoto."

Sote tukageuka. Yule wa mlangoni alikuwa Wifi.

Wifi ni dada yake Baba Mdogo na anakaa chumba cha uani. Ni wifi wa Mama Mdogo peke yake, lakini jina lilimganda, siku hizi hata mama yake mzazi anamwita Wifi. Yeye na Mama Mdogo walikuwa wamenuniana. Walikuwa na nyumba moja, jiko moja na kamba moja ya nguo, lakini maneno yao yote yalipitia kwangu. Chanzo ni ile kamba. Siku moja wingu lilitanda, Wifi hayupo, Mama Mdogo akamwanulia nguo zake. Ndiyo hivyo tu. Mtu aliyeanuliwa nguo ndiye aliyekasirika.

"Mwambie huyo fundi," Wifi akaniambia, "mimi nilipita tu kuchukua ndoo."

"Mkono hauna maoni," akajibu Paji.

Tukahamia stoo. Ni chumba chembamba, upande huu mashine, upande huu magunia ya pumba, katikati pana nafasi ya mtu mmoja na nusu. Tukaingia watano.

"Usalama kwanza," akasema Paji. "Chomoeni mashine ukutani."

Baba Mdogo akachomoa plagi, ikaanguka sakafuni. Papo hapo simu ikaanza kulia kwamba betri inakwisha. Stoo ina soketi moja tu, na eksitensheni ya nyumba ilishaungua. Baba Mdogo akaitazama plagi ya mashine, akaitazama simu, akachukua chaja akaichomeka.

"Aliyekufa hana njaa," akasema. "Tumlishe aliye hai."

Hakuna aliyepinga. Lilionekana jambo la akili, labda la kwanza kwake wiki ile.

"Sasa mayai," akasema Paji. "Yasipoe hata kidogo. Mna mahali pa joto?"

"Jikoni," akasema Baba Mdogo.

"Sikio, mnataka vifaranga au mnataka kifungua kinywa?"

Nje kulikuwa na mawingu, jua hakuna. Mama Mdogo alikuwa amefungua kioo, ameweka viganja juu ya mayai kama mtu anayepima homa, na midomo yake inatembea bila sauti. Bibi akamtazama kwa muda, kisha akanikabidhi simu nimshikie.

"Kuku hana umeme," akasema. "Kuku ana mwili. Nileteeni shuka."

Akajifunga shuka kifuani, akasema tumpakie. Tukampakia. Baba Mdogo akachomeka shati ndani ya suruali, akakaza mkanda, tukamjaza kupitia kwenye kola, yai moja moja, naye anaruka kila linapomgusa kitovu. Mimi nilivaa sweta langu nene na mengine yakaja kwangu. Mikono haikupewa hata moja, kwa sababu Paji alisema mkono wenye yai si mkono. Trei nzima ikaisha hivyo, Bibi akaichukua tena simu. Tangu hapo watatu kati yetu hatukuweza kuinama, kukaa, kukohoa wala kukasirika.

"Sasa kazi," akasema Paji. "Pua, nenda nyuma ya mashine, chini kabisa penye matundu. Nusa."

"Siwezi kuinama."

"Mikono, ishusheni Pua."

Mama Mdogo akanishika kwapa la huku, Wifi akanishika la kule, wakanishusha taratibu kama dirisha la kioo. Hawakutazamana. Kila mmoja alinitazama mimi, kwa jicho la kusema, ukianguka ni yeye, si mimi.

"Inanuka kuungua," nikasema.

"Kuungua kwa nini?"

"Sasa hilo si ndilo tunalokuuliza wewe?" akadakia Baba Mdogo.

"Sikio, nyamaza. Pua, kuungua kuna namna nyingi. Fafanua."

Nikavuta pumzi tena. Lugha yetu hii ina jina la harufu ya samaki, ina jina la harufu ya kwapa, ina jina la harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi. Shombo, kikwapa, uvundo. Ukilitaja tu, aliye mbali anaziba pua. Lakini kitu kilichokuwa nyuma ya ile mashine hakuna aliyewahi kukipa jina, na maisha ya trei nzima yalikuwa yanasubiri nikipate.

"Kama nywele zilizopitiwa na pasi," nikasema. "Nywele za mtu mzima."

Ukaja mkunjo mmoja. "Za mtu mzima. Kuna utamu ndani yake?"

"Kwa mbali."

"Utamu wa tunda au utamu wa dawa?"

"Wa dawa ya kikohozi."

"Ya watoto au ya wakubwa?"

Nikanusa mpaka kizunguzungu. "Ya wakubwa."

"Basi ni waya wa hita umeachia kwenye kiungio!" Paji likang'aa kwa furaha. "Ingekuwa ya watoto ningewaambia mchimbe kaburi. Ipandisheni Pua. Mkono wa Kulia, shika kifuniko cha nyuma kisitikisike. Mkono wa Kushoto, chukua bisibisi, fungua skrubu. Jicho, nipeleke hapo."

Bibi akampeleka. Wifi akachuchumaa, akaweka bisibisi, kisha akageuza shingo kunitafuta.

"Mwambie huyo aliyeshika kifuniko ashushe kiwiko. Kinaniziba."

"Mama Mdogo, shusha kiwiko."

"Mwambie kiwiko changu kiko stoo kwangu."

"Wifi, kiwiko chake—"

"Nimesikia. Mwambie stoo ni ya kaka yangu."

Mikunjo ikaja yote. "Hebu ngojeni. Kwa nini Mkono wa Kushoto unaongea na Mkono wa Kulia kupitia Pua?"

Bibi akaigeuza simu ili wazungumze uso kwa paji. "Wamenuniana, mwanangu. Huu mwaka sasa."

"Mikono ya mtu mmoja inanuniana?"

"Ni habari za kamba ya nguo."

"Nani aliyeanua?"

"Wa Kulia."

"Mvua ilinyesha?"

"Haikunyesha, mwanangu. Ndiyo taabu yenyewe."

"Mmh," likasema Paji, na nikaona kabisa kwamba linataka kuuliza zaidi. Lakini likajikaza. "Jicho, nirudishe kwenye skrubu."

Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili ilikuwa na kutu. Wifi akakaza mkono, Mama Mdogo akavuta kifuniko amsaidie, kifuniko kikalia.

"Taratibu! Utaivunja!" akafoka Wifi.

Tukaganda. Hayo hayakupitia kwangu.

"Umeniambia mimi?" akauliza Mama Mdogo.

"Nimeiambia skrubu."

"Skrubu ndiyo inayovuta kifuniko?"

"Kumbe unajua ni wewe! Wewe kila kitu cha mtu ni kuvuta tu. Hukuombwa, unavuta!"

"Wingu lilikuwa jeusi!"

"Na lilipita! Mimi nilikuombea wingu?"

"Nilikunja kila nguo, Wifi. Kwa mikono yangu hii."

"Ndilo kosa lenyewe! Ungezitupa kitandani nisingesema. Umezikunja vizuuuri, zile za ndani juu kabisa, ukazipanga sebuleni kwenye kiti cha kaka yangu, na wageni walikuwepo!"

"Mimi sikuona kitu," akasema Baba Mdogo.

"Sikio, nyamaza!" tukasema wote, na Paji nalo.

Bibi alikuwa ameshahamisha simu kutoka kwenye skrubu kwenda kwenye nyuso. Akawa anaipeleka huku na huku, kila anayesema anamulikwa.

"Jicho! Sioni waya!"

"Subiri kidogo, mwanangu, hapa ndipo penyewe."

"Jicho, mimi ni fundi!"

"Waya hautakimbia. Hawa wakinyamaza hapa, mpaka mwakani."

Lakini mikono yenyewe haikusimama. Hasira ni mafuta. Wifi alikuwa anafoka na bisibisi inazunguka, Mama Mdogo anajibu na kifuniko kinatoka. Wakati Wifi anasema "na zile soksi uliziweka wapi?" waya wa hita ulikuwa mikononi mwao, mweusi nchani, umeachia kweli kama Pua ilivyosema. Wakauparua, wakausokota kwenye kiungio, wakaukaza, bado wanazozana juu ya soksi. Kifuniko kikarudi. Skrubu zikarudi. Ugomvi ukaishiwa pumzi sekunde ileile kazi ilipoisha, wakabaki wanahema.

"Nimekosa kuona," likasema Paji kwa uchungu. "Haya. Washeni."

Mama Mdogo akabonyeza swichi ya mashine. Taa haikuwaka.

"Sikio, umesikia tiki?"

"Sijasikia."

"Ulikuwa unasikiliza?"

"Nilikuwa nafikiria zile soksi."

"Zimeni. Fungueni tena."

Wakafungua tena. Waya uko mahali pake. Wakafunga, wakabonyeza, hakuna. Paji likataka tubonyeze huku tumeshika kifuniko. Likataka tubonyeze bila kushika. Likanitaka ninuse, nikasema harufu imekwisha kabisa, likasema hiyo ni dalili mbaya, halafu likasema ni dalili nzuri, halafu mkunjo mmoja ukakaa hapo bila kuondoka. Likataka Mkono wa Kushoto ubonyeze badala ya Mkono wa Kulia, labda swichi inabagua. Likatuuliza jina la mashine. Tukasema haina. Likasema hilo si tatizo, lilitaka kujua tu.

Miguu ilianza kuniuma. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, na Baba Mdogo alikuwa amesimama mikono juu kama mtu aliyekamatwa, anaogopa viwiko vyake mwenyewe. Mama Mdogo akaacha swichi. Akaja kwangu, akaweka sikio kwenye sweta langu, hapa tumboni, akakaa hivyo. Akahamia kwa mumewe, kisha kwa Bibi.

"Wamenyamaza," akasema.

"Wamelala," akasema Bibi.

"Mama, wamenyamaza." Akajifuta uso kwa kiganja chenye masizi, ukabaki mstari mweusi kutoka sikioni hadi kidevuni. "Pale mapokezi kuna meza ya kioo. Mtu akisimama mlangoni anakuona mpaka miguu. Ataniambia nilie kama kuku nikiwa nimesimama nyuma ya meza ile, na mimi nitalia. Nitalia kwa sababu sina kingine. Mnajua anavyocheka? Anacheka bila kutoa sauti, anafungua mdomo tu."

Wifi aliitazama bisibisi kama ndiyo imeuliza.

Bibi alikuwa amechoka. Tena waya wa chaja ulikuwa mfupi, unamvuta mkono kila akitaka kusogea. "Huu waya umenifunga kama mbuzi," akanung'unika, akaushika auvute, na simu ikainama ikatazama chini.

"Jicho," likasema Paji. "Usitikisike."

"Sitikisiki, navutwa."

"Hapo chini. Kitu cheusi kilicholala sakafuni. Ni nini?"

Bibi akachungulia. "Plagi."

"Plagi ya nini?"

"Ya mashine."

Mikunjo ikaanza kuja taratibu, mmoja baada ya mwingine. "Na ukutani mmechomeka nini?"

Tukaufuata waya kwa macho, kutoka kwenye soketi, kupita nyuma ya gunia, mpaka mkononi mwa Bibi.

"Wewe, mwanangu," akasema Bibi.

Kisha wote wakasema kwa mpigo. Wifi alisema jina la kaka yake la utotoni, ambalo sitaliandika. Baba Mdogo alisema aliambiwa achomoe, na kuchomoa alichomoa, kurudisha hakuambiwa na mtu.

"Basi chomekeni mashine!" likasema Paji.

"Tukichomeka mashine, wewe unazima," akasema Mama Mdogo.

"Hapana, msinizime. Lazima nione ikiwaka. Siwezi kuthibitisha matengenezo ambayo sijayaona."

"Ukiwepo wewe, haiwaki."

"Na ikiwaka?"

"Hupo."

Paji likafikiri. "Basi ichomekeni halafu mnichomeke tena niangalie."

"Tukikuchomeka tena itakuwa imezima."

"Nitaiona ikiwa imezima baada ya kuwa imewaka. Hilo linaweza kutosha."

"Mwambie," Mama Mdogo akaniambia, kwa mazoea, "kama simu yake ina bando, nimpigie fundi kwa hiyo."

"Haina," akasema Wifi.

"Mwambie nitamwekea."

"Mwambie sitaki bando la mtu."

Mama Mdogo akaikamata chaja. Bibi akampiga kofi mkononi. "Hukati mtu anaongea! Ameshinda na sisi tangu asubuhi. Muage kwanza."

"Mama, mayai!"

"Ndiyo, na adabu. Fundi, mwanangu, tunakushukuru. Wasalimie nyumbani. Una mke?"

"Ninaye, mama. Nami nashukuru. Ila siwezi kuondoka bila kuwarudishia viungo vyenu, si utaratibu wetu. Pua, umefanya kazi nzuri, kuanzia sasa wewe ni mtu. Mkono wa Kushoto, kuanzia sasa wewe ni mtu, na hizo soksi zitafute. Mkono wa Kulia, wewe ni mtu, lakini nguo za mwenzako—"

"Na mimi?" akauliza Baba Mdogo.

"Nakuja kwako, Sikio. Kabla sijasahau, jambo la muhimu kuliko yote. Mashine ikishapata joto, chochote kitakachotokea, msithubutu ku—"

Mama Mdogo akachomoa. Paji likakwama likiwa na mikunjo yote, kisha simu ikawa nyeusi. Mpaka leo hatujui tusithubutu kufanya nini, na kila tunachofanya kwenye ile mashine tunakifanya kwa wasiwasi. Baba Mdogo naye anadai kwamba kisheria bado ni Sikio.

Mama Mdogo akachomeka plagi ya mashine. Taa nyekundu ikawaka.

Hatukupata nafasi ya kushangilia. "Ah!" akasema Bibi, akajishika kifua. Tukafikiri moyo. Wifi akamdaka kwa nyuma.

"Mama! Nini?"

"Kuna mtu ananitekenya."

Mama Mdogo akafungua ncha ya shuka. Ndani, kati ya mayai, lilikuwepo ganda limepasuka katikati, na kitu kilicholowa, kibaya cha sura, kikiupiga ubavu wa Bibi kwa bawa. Nikataka kucheka, nikasikia langu nalo linagonga. Linagonga hasa, kama mtu aliye chooni na mlango umekwama. Baba Mdogo akapiga ukelele, akasema amedonolewa mahali ambapo hawezi kupataja mbele ya mama yake.

"Warudisheni kwenye mashine!" akasema Wifi.

"Mashine haijapata moto," akasema Mama Mdogo. "Usiwasogeze. Asisogee mtu."

Ikawa hivyo. Sisi watatu tulisimama tumeegemea magunia ya pumba, na wale wawili wakawa wakunga. Mama Mdogo alifungua kola, akazamisha mkono, akatoa kifaranga, akampa Wifi. Wifi alimpangusa, akamtazama kama amekamilika miguu, akampeleka penye joto nyuma ya kioo. Walikuwa wanasemezana kama watu wawili tu. "Huyu bado." "Mwache." "Shika hapa." "Huyo mguu ameukunja." "Atakunjua." Sikuitwa hata mara moja. Nilikuwa nimeshakuwa mtu, na hakuna aliyenihitaji.

Hawakutoka wote. Mayai mengine kwenye shati la Baba Mdogo yalikuwa baridi, na moja Mama Mdogo alilitikisa kidogo, akaliweka pembeni bila neno. Lakini waliotoka walitosha. Nyuma ya kioo palijaa vifaranga wenye manyoya yaliyogandana, wanakanyagana, wanaangukiana, na kelele yao ilivuka mlango ikafika uani. Wifi aliwaangalia, akasema, "Sasa huyo bosi wako atauza kile kiti." Mama Mdogo akacheka mpaka akajishika ukutani, na kile kicheko kikakaribia kuwa kitu kingine, akajizuia.

Alipotulia akatutazama mmoja mmoja. Baba Mdogo alikuwa na maganda kwenye nywele. Mimi sweta langu halifai tena hata kudekia. Yeye alijitazama mikono yake. Ilikuwa na masizi na kutu, na kila kifaranga alikuwa amepita humo, lakini hakuna hata mmoja aliyetokea kwake. Nadhani Bibi aliliona hilo kabla yangu. Aliingiza mkono ndani ya shuka, chini kabisa, akatoa yai moja zima lililobaki. Lilikuwa na tundu dogo, na kwenye tundu hilo ncha ya mdomo inafunguka na kufunga.

"Hili langu limechelewa," akasema. "Mimi nimechoka kusimama. Lichukue wewe."

"Mama, mashine ina moto sasa. Naliweka tu mle—"

"Nimekwambia lichukue."

Mama Mdogo akanawa, akajifuta vizuri, akafungua vifungo viwili vya blauzi, akaliweka. Akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akafumba macho. Wifi akaja akakaa kando yake, bega kwa bega, kwa kuwa stoo haina nafasi nyingine.

"Usilifinye," akamwambia.

"Silifinyi."

"Unalifinya. Legeza kiwiko."

Mama Mdogo akalegeza kiwiko.